Wanafunzi wageni wa ukumbi huu wasituandikie mtihani

Kwa majuma sita niliwapisha wanafunzi katika ukumbi huu. Msomaji wa kila wiki atalikumbuka tangazo lenyewe: mwanafunzi yeyote wa chuo, awe anasomea uhandisi, upishi au sheria, alete makala moja ya Kiswahili kuhusu jambo analolisomea. Sababu niliyoitoa wakati ule ilikuwa nzuri, kwamba lugha isiachiwe walimu wa lugha peke yao. Sababu ambayo sikuitoa ni kuwa nilikuwa nimechoka, na mtu wa umri wangu akichoka haandiki vizuri hata barua ya kuomba ruhusa.

Wageni wamekuja na wameondoka. Baadhi ya wasomaji wameniletea pongezi kwa "kuwainua vijana". Nimezipokea kimya kimya kwa sababu sizistahili. Mwanafunzi akichapishwa gazetini hajatendewa hisani. Amefanya kazi, na kazi husomwa, husifiwa panapostahili na hukosolewa inapopinda. Hadi sasa hakuna aliyewakosoa wageni wetu. Leo nitafanya hivyo, ila itabidi nianze na nafsi yangu, maana kosa kubwa kuliko yote yaliyochapishwa hapa katika majuma hayo lilipita mikononi mwangu na nikaliwekea sahihi.

Makala ya pili katika mfululizo ule iliandikwa na kijana wa mwaka wa tatu anayesomea sayansi ya bahari. Alizaliwa huku huku kwetu, kati ya Shanzu na Mtwapa, na aliandika kuhusu mikoko ya Mkono wa Mtwapa: kwa nini miche mingi inayopandwa na vikundi vya vijana, tena mbele ya kamera na wageni rasmi, hufa kabla ya mwaka kwisha. Hoja yake ilikuwa ya maana. Mikoko haipandwi ovyo popote penye tope. Kila aina ina mahali pake kulingana na jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu baharini. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye mizizi kama magongo, kisha mkandaa, na huko juu karibu na nchi kavu utamkuta mchu, ambao baadhi ya siku za mwezi hauoni maji ya bahari kabisa. Ukipanda mkoko mahali pa mchu umeuua kwa kiu na chumvi. Ukimpeleka mkandaa mahali pa mlilana umemzamisha.

Hayo ndiyo aliyotaka kuyasema. Sasa tazama alivyoyasema, na nilivyomsaidia kuyasema. Gazetini tulichapisha kwamba maeneo ya juu "hufikiwa na maji katika vipindi vya maji ya majira ya machipuo pekee".

Nina jirani hapa Shanzu, mvuvi aliyestaafu, ambaye hununua gazeti kwa ajili ya kandanda na huusoma ukumbi huu kwa kunionea huruma tu. Jioni ile alinikuta kibarazani.

"Profesa, hebu n'ambie. Haya maji ya machipuo ndiyo maji gani?"

Nikamweleza, kwa madaha kidogo, kwamba ni yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwa pamoja.

"Si bamvua hilo?"

Nikanyamaza.

"Hilo ni bamvua, Profesa. Machipuo ni majira ya huko Ulaya, si ndiyo? Huku kwetu twajua kaskazi na kusi."

Bwana we, nilitamani ardhi inimeze. Neno bamvua nalijua tangu utotoni. Limo katika kamusi, na kinyume chake, maji mafu, kimo pia. Hata hivyo nilisoma sentensi ile mara tatu, nikarekebisha upatanisho wa kisarufi, nikaongeza mkato mahali, na nikaiacha ipite. Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Kiingereza huyaita maji hayo kwa neno spring, ambalo pia ni jina la majira yanayofuata baridi kali huko kwao. Kijana alilikuta neno darasani kwa Kiingereza, akaenda kwenye kamusi ya lugha mbili, akachukua maana ya kwanza aliyoiona. Wala maji hayo hayahusiani na majira hayo. Maji hayo huja mara mbili kila mwezi, mwaka mzima, na hapa Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa kwake hupita mita tatu.

Lakini kuna jambo baya zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilirudi ndani nikaitafuta nakala ya kwanza aliyonitumia kijana yule. Aya yake ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeifuta yote, ilisimulia jinsi alivyokuwa akifuatana na babu yake kwenda kutega malema, na jinsi babu alivyomfunza kuhesabu siku za mwezi ili ajue ni lini bamvua litauacha mwamba wazi, watu waingie kusaka pweza, na ni lini maji mafu yatawaruhusu kukaa nyumbani washone nyavu. Neno lilikuwemo! Liliandikwa vizuri, katika sentensi safi, mahali pake. Pambizoni mwangu kulikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: "Hii si ya kitaaluma. Anza na ufafanuzi wa mada."

Kwa hiyo kijana alikuwa na bamvua la babu katika aya ya kwanza, na maji ya machipuo ya darasani katika aya ya nne, na hakujua kwamba ni maji yale yale. Profesa wake wa ukumbi, mwenye shahada ya uzamifu na miaka mingi ya kufundisha, akafuta lile sahihi na kulipiga pasi lile la kombo.

Sitaki nijitie majivu kichwani zaidi ya hapo, maana kosa la namna hii si langu peke yangu. Ndilo kosa la takriban makala zote nilizopokea. Zilikuwa kumi na saba, na kila mmoja wa waandishi aliandika kana kwamba kuna mtahini amekaa nyuma ya gazeti na kalamu mkononi. Kila mada ilianza kwa ufafanuzi. Kila dai lilifuatwa na "kwa mujibu wa". Mambo waliyoyajua kwa macho na mikono yao waliyaficha kama mtu afichavyo viatu vilivyochanika anapoingia ofisini.

Katika makala hizo kumi na saba, kumi na tatu zilitoka kwa wanafunzi wa Kiswahili. Hili nalo tulitazame bila haya. Tangazo lilisema fani yoyote, wakajitokeza wale ambao tayari huandika Kiswahili kwa sababu ndiyo fani yao. Wengine wote waliobaki walikuwa wanne: wa bahari, mmoja wa uuguzi, mmoja wa ualimu, na mmoja wa uhandisi wa umeme. Huyu wa umeme alileta kurasa mbili kuhusu kwa nini transfoma za mitaani huungua, kisha akaniandikia ujumbe kuomba nisizichapishe. Maneno yake yalikuwa haya: "Prof, samahani, nimegundua vitu hivi navijua kwa Kiingereza tu. Kwa Kiswahili naonekana kama sijui." Nilimsihi, hakukubali. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kijana huyu atahitimu, ataapishwa kazini, atapanda nguzo za umeme mitaani mwetu, na hajawahi kutunga aya moja ya kazi yake katika lugha hiyo rasmi. Mama wa nyumba itakayoungua akimuuliza imekuwaje, atamjibu nini?

Wale kumi na tatu wa Kiswahili nitawapitia haraka, kwa sababu walinipitisha haraka. Saba walianza kwa kutwambia kuwa lugha ni chombo cha mawasiliano. Wengi wao waliandika kuhusu hadhi ya Kiswahili duniani, wakataja uamuzi wa UNESCO wa 2021 wa kuitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kisha wakaisihi serikali. Wawili walilalamikia Sheng bila kunukuu hata sentensi moja ya Sheng. Tatu kati ya makala hizi nilizichapisha, na nakiri kuwa nilizichagua kwa sababu hazikuwa na makosa. Hazikuwa na makosa kwa vile hazikuwa zimesema kitu. Mtu asiyetoka nyumbani hajikwai.

Hapa kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko makosa ya sarufi. Ukiyatazama magazeti yetu na majarida yetu ya wanafunzi, Kiswahili kinazungumza kwa wingi juu ya Kiswahili. Kinajisifu, kinajisikitikia, kinajidai, kinajitetea. Lugha inayojizungumzia yenyewe tu ni kama mgonjwa aliye hospitalini: kila ukienda kumtazama, habari ni za mwili wake.

Si kwamba wanafunzi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuandika juu ya mambo mazito. Makerere mwaka 1958 wanafunzi wa idara ya Kiingereza walianzisha jarida la Penpoint, na humo ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o alimochapisha hadithi zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi. Dar es Salaam mwishoni mwa 1969 wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi walianzisha Cheche. Hebu fikiria waliohusika: Karim Hirji alikuwa mwanafunzi wa hisabati, na Issa Shivji wa sheria. Uchambuzi wa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, uliotolewa na Cheche mwaka 1970, ulijadiliwa na wasomi waliokuwa na umri wa walimu wake. Jarida halikufikisha hata umri wa mtoto wa chekechea. Lilipigwa marufuku Novemba 1970, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina lake lilikuwa tafsiri ya jina la gazeti la Lenin, na Tanzania haikuwa ikijenga ujamaa wa kuazima kutoka Urusi.

Mimi nina lalamiko jingine kuhusu jina hilo, la mwalimu wa lugha. Jina lilikuwa la Kiswahili safi, cheche, na kurasa za ndani kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kiingereza. Jarida lililotaka kuzungumza juu ya wakulima na wafanyakazi lilizungumza nao kwa jalada tu. Siwalaumu sana, ndiyo lugha waliyofundishiwa, na Shivji mwenyewe baadaye ameandika pia kwa Kiswahili. Ila inaonyesha kwamba ugonjwa huu wa mhandisi wangu si wa jana. Mwanafunzi mwenye jambo la kusema amekuwa akilisema kwa Kiingereza, na mwenye Kiswahili amekuwa akikosa jambo.

Basi ndiyo maana mwanafunzi wa uuguzi alinifurahisha kuliko wote. Msomaji anayeyahifadhi magazeti akitazame tena kipande kile. Yuko kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ya umma hapa Pwani, na alichokiandika ni jinsi wagonjwa wanavyosikia maagizo ya dawa. Hakufafanua mada. Alianza dirishani, mahali dawa zinapotolewa, pale mgonjwa anapopewa kijibahasha chenye maandishi "1x3" na kuambiwa "moja mara tatu". Mgonjwa huenda akameza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, pamoja na chakula. Kuanzia chakula cha jioni hadi chai ya asubuhi ni saa kumi na mbili, na katika muda huo dawa imekwisha mwilini. Kwa baadhi ya dawa hilo si neno. Kwa zile za kuua bakteria, ambazo zinatakiwa kuwa mwilini kwa kiwango kisichoshuka sana, ni neno kubwa.

Wauguzi wenyewe, akasema, wanalijua tatizo hilo, kwa hiyo wengine husema kwa usahihi zaidi: "Meza kila saa nane." Hapo ndipo alipotutega sisi watu wa lugha. Kwa Kiswahili, "kila saa nane" ina maana mbili. Inaweza kuwa kila baada ya muda wa saa nane. Inaweza pia kuwa kila ifikapo saa nane, yaani baada ya adhuhuri, na kama mgonjwa ni mwangalifu sana, tena saa nane ya usiku. Alikutana na mzee aliyekuwa akiamka usiku wa manane kwa uaminifu mkubwa kumeza kidonge chake cha pili, na hakuwa na cha tatu. Mzee yule hakukosea sarufi. Alifuata maana moja kati ya mbili zilizomo katika kauli aliyopewa.

Nimefundisha utata wa maana kwa miaka zaidi ya thelathini. Mifano yangu ni ile ile ya vitabuni, ya paa na kaa na mbuzi, ambayo wanafunzi huicheka kwa adabu kisha wakaisahau. Hakuna hata siku moja niliyofikiria "kila saa nane". Binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye hajasoma semantiki hata muhula mmoja, aliuona utata mahali ambapo unaweza kumgharimu mtu afya yake. Na aliuona kwa sababu kazi yake humlazimu kusikiliza.

Tena alipendekeza dawa. Muuguzi amuulize mgonjwa huamka saa ngapi na hulala saa ngapi, kisha wataje nyakati kwa majina: alfajiri baada ya swala au jogoo wa pili, baada ya chakula cha mchana, na mwisho kabla ya kulala. Nyakati hizo hazilingani sawasawa na saa nane nane, alikubali, lakini zinakaribia kuliko asubuhi, mchana na jioni, na mtu anaweza kuzikumbuka bila saa ya mkononi.

Nina dosari mbili tu za kumtolea. Ya kwanza, aliandika "presha" mwanzoni na mwishoni akaandika "shinikizo la damu", bila kumwambia msomaji kuwa ni kitu kimoja. Angechagua neno moja, au angeyaunganisha mara moja mwanzoni. (Mimi ningechagua presha, na wenzangu wa kamati za istilahi wanisamehe.) Ya pili, alituahidi habari za vijiko, kwamba kijiko cha dawa si kijiko cha kukorogea chai, kisha akaziacha njiani. Natumai atarudi.

Mwanafunzi wa ualimu, kwa upande wake, alikuwa na mali ile ile na hakuitumia. Aliandika kuhusu kufundisha sehemu katika hesabu, na katika maneno elfu moja sikukutana na mtoto hata mmoja. Nilikutana na "umilisi", "ujifunzaji shirikishi", "mkabala unaomlenga mwanafunzi". Nilipompigia simu kumuuliza siku hiyo darasani ilikuwaje, aliniambia kwa dakika kumi jinsi alivyogawa chapati nne kwa watoto sita, na mtoto mmoja akakataa kukubali kuwa theluthi mbili ni kubwa kuliko nusu kwa sababu vipande vyake vilikuwa vidogo. Mbona hukuandika hayo? "Nilifikiri gazetini wanataka vitu vya kisomi, Mwalimu."

Vitu vya kisomi! Tumewafunza nini hawa watoto?

Najua nitakayojibiwa na wenzangu. Watasema kuwa natetea porojo, kwamba fani haiwezi kuandikwa bila istilahi, na kwamba tumehangaika miaka mingi kuziunda. Ni kweli tumehangaika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwanzoni mwa karne hii. Zote mbili ziko rafuni mwangu. Mwanafunzi anayetaka kueleza jinsi jani linavyotumia mwanga kujitengenezea chakula anahitaji usanisinuru, na neno hilo halikupatikana kwa wavuvi wala kwa wakulima. Lilibuniwa, na likafanya kazi yake vyema.

Lakini mkandaa nao ni istilahi. Mlilana, mchu, mkomafi, bamvua, maji mafu, vyote ni istilahi, tena za kisawasawa: kila neno lina maana moja, linatofautishwa na mwenzake, na lina watu wanaolitumia kazini. Mwenye kuunda jahazi akiagiza mataruma ya mlilana, haletewi mkandaa. Kijana wangu wa bahari aliandika majina ya Kilatini ya miti hiyo kwa ufasaha, na kwa Kiswahili akaiita yote "mikoko". Kwa Kilatini alitofautisha, kwa lugha ya babu yake akachanganya. Hapo ndipo istilahi ilipopotea, na ilipotea mikononi mwa msomi.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyeaga dunia 2017, alilijua hili kabla yetu. Alitutungia runinga kutokana na lugha ya watu wa pwani ya kaskazini, na wengi wetu tunamkumbuka kwa maneno hayo mapya. Ila mimi namthamini zaidi kwa Sambo ya Kiwandeo, utenzi kuhusu chombo cha Lamu uliochapishwa Leiden 1979, na Umbuji wa Mnazi, kuhusu mnazi na matumizi yake. Hizo ni kazi za mtaalamu anayeandika juu ya utaalamu. Ubao baada ya ubao, kamba baada ya kamba, kila kitu kwa jina lake. Kama mwanafunzi wa uhandisi wa vyombo vya majini angetaka pa kuanzia, hapo ndipo.

Hasara ya kuandika kwa ajili ya mtahini si ya ladha tu. Katika makala yale yale ya mikoko, karibu na mwisho, kijana alitaja mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kule Kwale. Ni mradi wa kusifiwa. Tangu 2013 jamii ya Gazi na Makongeni inalinda hekta 117 za mikoko, na kwa vile miti hiyo na tope lake huhifadhi kaboni ambayo vinginevyo ingekwenda hewani, watu wa mbali hulipia hifadhi hiyo, na pesa zimeingia katika maji ya kunywa na shule. Kijana aliandika kwamba wanakijiji "huuza mikopo ya kaboni". Nami nikapitisha.

Mama mmoja kutoka pande hizo za kusini alituma ujumbe mfupi kwa mhariri, nao nikaletewa. Aliuliza: "Tumekopa kwa nani, na tutalipa lini?"

Ukicheka, cheka kidogo. Mkopo kwa Kiswahili ni deni. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana kadhaa, na moja kweli ni kukopeshwa, lakini hapa halina habari hiyo. Hapa lina maana ya kipimo kilichothibitishwa cha kaboni iliyozuiwa isiende hewani, ambacho mtu anaweza kukiuza. Vijiji vingi vya pwani hivi sasa vinafikiwa na watu wenye mikataba ya namna hii, ya mikoko, ya misitu ya nchi kavu, hata ya malisho. Mikataba huandikwa kwa Kiingereza na huelezwa barazani kwa Kiswahili na kijana fulani aliyesoma, aghalabu mwenye umri wa mwandishi wetu. Akisema "mikopo", mzee mmoja atakataa jambo jema kwa kuogopa deni, na mwingine atatia sahihi akidhani anakopeshwa. Kijana atakayesimama barazani siku hiyo atakuwa amejifunza Kiswahili cha kazi yake wapi, kama si katika kurasa kama hizi?

Nilimpigia simu mwandishi wangu wa bahari juma lililopita. Nilimwomba radhi kwa ajili ya aya ya babu. Alicheka, akasema babu mwenyewe alisomewa makala yote, na alipofika kwenye machipuo akauliza kama chuo kikuu kina bahari yake. Tukakubaliana ayaandike upya. Aya ya malema inarudi mwanzoni, bamvua linashika nafasi yake mpaka mwisho, na kila mti unaitwa kwa jina lake. Kilatini kitabaki mara moja moja, kwa ajili ya wanaokihitaji.

Palipotukwamisha ni kwenye mikopo. Mimi nilipendekeza "hati za kaboni". Yeye alisema hati watu wataidhani ni ya shamba, na huku kwetu neno hilo lina vita vyake. Nikasema "stakabadhi", akanyamaza kwa heshima, kimya ambacho mwalimu yeyote anakijua. Mwishowe akasema hakuna haja ya sisi wawili kukaa Shanzu tukibuni. Watu wa Gazi wamekuwa wakiiuza bidhaa hiyo zaidi ya miaka kumi, na lazima kuna jinsi wanavyoitaja wao kwa wao wakigawana kazi na pesa. Kesho anavuka Likoni kwenda kuwauliza.